Fungu la Jamaa



Kwa desturi tuliyoikuta kwa wazee wetu, nyama ya udhhiya hugawanywa mafungu matatu: fungu la wenye nyumba, fungu la jamaa na marafiki, na fungu la masikini. Mjini Mombasa hakuna mtoto anayeuliza jamaa ni nani. Jamaa ni ami wa ghorofa ya juu, ni shangazi wa kichochoro cha pili, ni yule bibi wa Kibokoni ambaye asipopelekewa ini hununa mpaka Muharram. Lakini nyumba ikihamishwa na kazi hadi ukingoni mwa nchi, zaidi ya kilomita 900 kutoka baharini, fungu la pili hubaki kwenye sinia na wenyewe hutazamana. Je, hili ni la nani?

Swali hilo tulikaa nalo siku nne za Idd kubwa iliyopita. Tumeona tuliandike kwa kuwa twajua nyumba nyingi za Pwani zina mtu wa sare aliye mbali. Wapo wa jeshi la majini pale Mtongwe, ambao bahari huwachukua. Wapo waliovuka mpaka kuingia Somalia tangu Oktoba 2011, na Idd nyingi zikawapita wakiwa huko. Wapo polisi, maafisa wa forodha na wa uhamiaji, waliotawanywa kutoka Lungalunga hadi Moyale. Nyuma ya kila mmoja wao kuna sufuria ya pilau inayopikwa huku jicho likitazama mlango.

Kungoja huku si jambo geni kwetu. Bibi zetu walikuwa wake wa mabaharia. Jahazi lilipong'oa nanga na upepo wa kusi kuelekea Arabuni, mwenye kubaki nyumbani alijua kuwa mumewe hatarudi mpaka kaskazi ivume. Upepo ndio uliokuwa kalenda yao, nao hawakudanganywa nao. Askari hana msimu. Barua ya uhamisho huja wakati wowote, na haisemi lini atarudishwa.

Sisi ni watu watano. Mmoja wetu ni askari wa mpakani, mmoja ndiye mshika nyumba, na watoto ni watatu. Huu ni mwaka wetu wa pili katika nyumba ya kupanga huko Kocholia, katika Teso Kaskazini, kaunti ya Busia, si mbali na mji wa mpakani wa Malaba. Ukiwa Malaba asubuhi isiyo na ukungu, utaliona jabali la Tororo ng'ambo, nchini Uganda, limesimama pweke kama ngamia aliyepiga magoti. Upande wa kaskazini ni Mlima Elgon. Barabarani ni malori. Shehena iliyoteremshwa katika bandari yetu ya Mombasa hupita hapa kwenda Kampala, Kigali, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, hata mtu wa Pwani akiyatazama yale makasha huona kana kwamba mji wake wote unapita mbele yake bila kusimama kumsalimu.

Mpaka wenyewe haukuwapo hapa tangu azali. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, mpaka kukaribia Naivasha, ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Waingereza wakauhamisha mstari, na Wateso wakajikuta katika nchi mbili wakiwa na lugha moja. Siku hizi Malaba na Busia zina vituo vya pamoja. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili mnamo Februari 2018. Msafiri hakaguliwi mara mbili kama zamani, bali mara moja tu, katika nchi anayoingia. Kwa hivyo wapo Wakenya wanaofanya kazi katika majengo yaliyo ardhi ya Uganda, na Waganda walio katika majengo yetu. Baba watoto, zamu ikimpeleka ng'ambo ya mto, hufanya kazi ugenini na kurudi kulala Kenya. Kitinda mimba wetu huwaambia wenzake kuwa babake huenda ng'ambo kila siku na kurudi na ndizi.

Tangu mwanzo wa mwaka tulikuwa tukizungumza, watoto wakishalala, jambo ambalo nyumba nyingi za askari hulizungumza. Je, mama arudi Mombasa na watoto, baba abaki peke yake mpakani? Hoja za kurudi zilikuwa nzito. Binti yetu mkubwa, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa ameanza kunyamaza. Madrasa aliyoizoea iko Mombasa, rafiki zake wako Mombasa, na kila alichosimulia kilianza kwa maneno "kule kwetu". Nyanya yake, mama mzaa baba, umri umemwendea na macho yameingia ukungu. Kila akipiga simu alimaliza kwa kusema, "Wanangu, Idd hii mje niwaone, macho yangu yakingali na nuru."

Hoja za kubaki nazo hazikuwa nyepesi. Twazijua nyumba ambazo baba hurudi likizoni na mtoto mdogo akajificha nyuma ya leso ya mamake, hata mgeni apite. Twazijua ndoa zilizopungua maneno mpaka yakabaki ya karo na kodi. Pesa huvuka masafa kwa simu kwa dakika moja, lakini mtoto hafunzwi kuswali kwa simu, wala mume hasikilizwi uchovu wake kwa simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ruhusa ya likizo iliombwa, isipatikane, kwani zamu za sikukuu hazina budi kushikwa na watu na wapo waliotangulia kuomba. Tukakubaliana kuwa hatutaigawa Idd. Sote tutakula mahali pamoja, kisha siku ya Jumatatu tutakata shauri la kubaki au kuachana masafa.

Ijumaa ilikuwa siku ya Arafa. Nyanya alipojua kuwa hatuendi, hakulalamika. Alisema tu, "Basi mimi nitakuja kwa njia yangu." Njia yake ilikuwa lori. Mtoto wa dadake ni dereva, na siku ya Jumanne alikuwa ametoka Mombasa na shehena ya Kampala, akiwa na ndoo yetu miguuni pa utingo. Ijumaa alasiri alipiga simu kusema kuwa foleni ya malori imemkamata kabla ya kuufikia mji. Binti yetu, aliyekuwa amefunga, akawa anauliza kila saa, "Ami amesogea?" Baba watoto aliingia zamu ya usiku kabla ya magharibi, akachukua tende tatu mfukoni za kufuturia.

Kabla ya adhana jirani yetu Mteso alibisha hodi. Ni mwanamke Mkristo, mwenye biashara ya nafaka, na nyumba yake na yetu zinatazamana. Alikuja na unga wa wimbi kwenye kibakuli. Nafaka hiyo ndiyo wenyeji huitengenezea kinywaji chao cha kileo, kinachonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, naye alijua twaweza kuingiwa na shaka. Akasema hata kabla ya kuulizwa, "Mama, huu umesagwa leo, haujachachuliwa. Wapikie watoto uji wa kufungulia." Tukamjibu kwa neno la kilugha alilotufundisha mwenyewe, "Eyalama," yaani ahsante, akacheka jinsi tunavyolitamka.

Jumamosi alfajiri, zamu ilipokwisha, baba watoto hakuja moja kwa moja nyumbani. Alitembea kando ya foleni, lori baada ya lori, akisoma nambari kwa tochi ya simu, mpaka akamkuta nduguye amelala juu ya usukani. Wakamwachia utingo gari, wakatujia wawili na ndoo. Ndani yake mlikuwa na halua, kashata, achari ya ndimu, bizari ya pilau aliyoisaga nyanya kwa mkono wake, na bahasha tatu za mkono wa Idd, kila moja na jina la mtoto. Chini kabisa palikuwa na jozi ya leso ya binti yetu, ya kwanza katika umri wake. Aliinusa kabla ya kuikunjua.

Tuliswali Malaba. Wanaodhani kuwa mbali na Pwani hakuna Idd wangeuona msikiti ule. Madereva walikuja na kanzu zilizotolewa nyuma ya viti, zikiwa na mikunjo ya safari ya siku nne. Walikuwamo Waswahili wa Mombasa, Wasomali, Waganda, na Waislamu wenyeji wa magharibi. Uislamu hapa haukuja jana. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilikuwa ikitua Mumias, na dini ikatia mizizi katika nyumba ya Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga. Babu zetu walifika pande hizi kama wageni na wakapokewa. Takbira zilipoinuka, binti yetu alikuwa safu ya wanawake baina ya mama na msichana wa Kiganda wa rika lake, na tulimsikia sauti yake ambayo kwa miezi ilikuwa imezama.

Mbuzi alichinjwa saa nne. Yalipofika mafungu, tuliyapanga matatu kama ilivyo ada. La nyumbani lilikuwa na wenyewe. La masikini lilikuwa na njia yake kupitia msikitini. La jamaa likabaki kwenye sinia. Tulimkabidhi binti yetu visahani na kazi ya kuamua. Alikaa kimya, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: jirani wa unga wa wimbi, mzee mwenye nyumba tuliyopanga, mwendesha bodaboda anayewapeleka skuli na kuwangoja mvua ikinyesha, ami dereva na utingo wake, na wale madereva wawili waliosema msikitini kuwa hawajala chakula cha nyumbani tangu Mariakani. Mwisho akasema, "Na yule Afande wa Baba."

Huyo ni mwenzake baba watoto kazini, Mkristo wa kutoka Ukambani. Kwa zamu, usiku wa Idd ulikuwa wa baba watoto tena. Mwenzake huyo alijitolea kuushika, akasema, "Lala na watoto wako, kaka. Krismasi utanishikia mimi." Hawakuandikiana. Walipeana mkono tu, na Disemba ikifika deni hilo litalipwa, Inshallah, kama lilivyokopeshwa.

Huenda mwenye kusoma akauliza kama jirani asiye Mwislamu ana haki katika sinia hilo. Wanazuoni wengi wameliruhusu jambo hili, na mwenendo wa wema waliotutangulia watosha kutuongoza. Sahaba Abdullah bin Amr, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, la kwanza aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Akaeleza kuwa alimsikia Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akisema jinsi Jibrili alivyomuusia juu ya jirani hata akadhani jirani atafanywa mrithi. Mwenye kukaribia kuwa mrithi hawezi kukosa kisahani.

Alasiri nyanya alipiga simu. Alitaka kujua kama ndoo imefika, kama bizari haikumwagika, kama mbuzi alikuwa mnene. Kisha akauliza lile lile, "Na fungu la jamaa mmelipeleka wapi?" Binti yetu akamtajia mmoja mmoja. Upande wa pili pakawa kimya, tukadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Basi hao ndio jamaa zenu mpaka mrudi. Washikeni vizuri."

Jumapili baba watoto alikuwa huru mchana kutwa, tukavuka kwenda Tororo. Jirani yetu alitualika, kwani dadake ameolewa huko na alikuwa akienda kumtazama. Wakenya na Waganda wameruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha kitaifa tangu 2014, kwa hivyo safari yenyewe ni fupi kuliko kutoka Likoni hadi Mtwapa siku ya msongamano. Tulibeba halua na kashata. Nyama hatukubeba, kwa maana nyama mbichi haivushwi mpakani kiholela, na baba watoto angekuwa wa kwanza kutukamata.

Njiani baba aliwaonyesha watoto pale anaposimama, na jirani akawaeleza mambo ambayo hatukuyajua. Neno "bodaboda" tunalolitumia hata Lamu lilizaliwa kwenye mipaka hii, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwabeba watu kutoka forodha moja hadi nyingine. Akatueleza pia jinsi biashara ya wanawake wenzake ilivyobadilika. Zamani wengi walipita vichochoroni na magunia kichwani kwa kuogopa ushuru na kunyang'anywa. Sasa mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 za Marekani hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa na kuvuka bila kutozwa ushuru wa forodha, akikidai. "Akikidai," alirudia, "kwa sababu wengi hawajui kuwa ni haki yao." Kina mama wafanyabiashara wa Lungalunga na Taveta, neno hilo ni lenu pia.

Dadake alitupokea kwa maharagwe, mchuzi wa karanga na ndizi za kupika. Hapakuwa na nyama mezani, na tulifahamu kuwa haikusahaulika, bali iliachwa kwa ajili yetu. Alitupisha chumba kuswali adhuhuri na akawakataza wajukuu zake kupiga redio. Hakuwa na maelezo marefu. Alisema tu kwamba wao wamezoea, kwani huko Uganda siku za Idd zote mbili ni sikukuu ya nchi nzima na kila nyumba ina Mwislamu inayemjua. Binti yetu na msichana wa nyumba ile walikaa chini ya mwembe, mmoja akifundisha maneno ya Kiteso, mwengine akifundisha namna ya kujifunga leso.

Jumatatu tuliketi, watoto wakiwamo, kwani tuliona shauri lao si la kukatwa wakilala. Binti yetu aliulizwa wa kwanza. Alisema kweli yake: "Mimi bado naipenda Mombasa zaidi. Pembea za Makadara hazipo hapa, wala Nyanya hayupo. Lakini Baba akibaki peke yake, nani atamtafutia ami kwenye foleni?" Lilikuwa swali la kitoto, kwa kuwa aliyemtafuta ami ni babake mwenyewe, lakini sote tulielewa alichokusudia.

Tulikata shauri tubaki pamoja mpaka barua nyingine ije. Agosti, skuli zikifungwa, binti yetu atakwenda kukaa kwa nyanya yake mwezi mzima na kurudi katika madrasa yake. Mama atampeleka kwa basi. Likizo ya baba ikipatikana, kila siku yake itatumiwa Mombasa. Hatudai kuwa shauri hili halina gharama. Macho ya nyanya hayangoji barua za uhamisho, na kila tukikumbuka hilo huwa tunanyamaza. Lakini yeye mwenyewe, alipoambiwa, alisema mtu aliyelea watoto sita huku mumewe yuko baharini hafundishwi kungoja.

Kwa nyumba zenzetu za sare, tunayo machache ya kuwaambia. Msiiahirishe Idd mpaka mtakaporudi. Ikifika, ichinjieni pale mlipo, na mwenye zamu apelekewe sahani yake huko huko. Wafunzeni watoto salamu za wenyeji kabla ya kuwafunza kuhesabu siku zilizobakia. Na mlio Pwani, msingoje mwana aje na ruhusa mkononi. Kila siku malori yanatoka bandarini kuelekea bara, na ndoo ya halua na bizari haina uzito.

Lililobaki latuhusu sote. Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu zimejaa askari waliotoka Teso, Ukambani, Nyanza na kwingineko. Wake zao wamepanga vyumba katika mitaa yetu, na watoto wao wanasoma na wetu. Krismasi hufika nao wakiwa na sufuria jikoni na jicho mlangoni, na siku zetu za Idd huwakuta wakisikia harufu ya pilau kutoka dirisha la jirani. Idd ijayo, mtakapokwisha kupanga mafungu matatu, mtazameni aliye mlango wa pili. Huenda fungu la jamaa lina mwenyewe aliye karibu kuliko mnavyodhani.

Mwenyezi Mungu atukubalie udhhiya zetu, awarudishe salama walio mbali, na awahifadhi wazee wetu wanaotungoja. Wabillahi tawfiq. Wassalaam.